Je, Wajua? Riwaya ya Bujumbura inayopitia Ufaransa kwanza

Je, wajua kwamba *Petit Pays*, riwaya ya Bujumbura iliyosomwa mbali sana, haiingii moja kwa moja kwenye maisha ya utotoni? Gaël Faye, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1982, aliitoa 2016, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari. Kwanza, katika dibaji, tunamsikia baba akimweleza mwanawe tofauti ya Wahutu na Watutsi kwa kipimo cha pua. Kisha tunamkuta mwana huyo, Gabriel au Gaby, sasa mtu mzima wa miaka 33, anaishi Ufaransa na Burundi haimtoki moyoni. Ndipo tunarudishwa utotoni mwake, mtaa wa Kinanira mjini Bujumbura, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mpangilio huo ndio unaouma. Gaby na wenzake wanachuma maembe kwenye bustani ya jirani Mgiriki, kisha wanamuuzia mwenyewe. Ni utundu wa kuchekesha, ila sisi tumekwisha kujua kwamba mtoto huyu ataondoka. Yeye hajui.

Je, wajua kwamba ndani ya riwaya hiyo mna barua? Gaby anaandikiana na Laure, msichana wa Orléans, Ufaransa. Anamweleza kwamba akikua atakuwa fundi magari. Vita vinapoingia, anamwandikia tena kwamba ufundi hautaki. Faye haelezi mtoto amevunjika kiasi gani. Anaweka barua mbili mbalimbali na kutuachia sisi pengo la katikati. Kwangu mimi hapo ndipo penye nguvu kuliko mahali pengine popote kitabuni. Barua nyingine anamwandikia binamu yake Christian, aliyeuawa Rwanda.

Redio nayo ina kazi. Katika riwaya, muziki wa ala wa Kizungu ukipigwa mfululizo, watu wazima wanajua serikali imepinduliwa. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, unasikika muziki wa Wagner.

Mtindo huu wa hadithi ndani ya hadithi, kama kumbukumbu za Gaby ndani ya maisha ya Gabriel mtu mzima, Kiswahili kilikuwa nao tangu zamani. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Kila safari ni hoja ya utetezi wake. Mwalimu wa fasihi aliyeko Bujumbura angefanya vyema kuvisomesha vitabu hivi viwili pamoja, huku wanafunzi wakiulizwa swali moja tu: msimulizi anasimulia akiwa wapi?