Mbona Si Mnene na Amepata Kisukari? Mafunzo Kutoka Katika Utafiti wa Dk. Gerald Reaven

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake. Amma ba'ad:

Ndugu Waislamu, kuna suali linalorudi majumbani mwetu kila anapogunduliwa mtu kuwa na maradhi ya sukari: "Mbona yeye si mnene?" Au: "Mbona hata chai yake hutia sukari kidogo?" Majibu ya haraka hayakosekani. Yuko atakayesema ni husda, na yuko atakayesema alikuwa akila halwa kwa kujificha. Hivyo mgonjwa hubeba maradhi, na juu yake hubeba lawama. Na wale wembamba wa familia hiyo hiyo hujiona wamesalimika, wala hawaendi kupima.

Hatukanushi kuwa jicho lipo, kwani hilo limethibiti katika Sunnah. Lakini si halali kumtuhumu mtu bila ushahidi, na si busara kuacha sababu iliyo wazi tukatafuta iliyofichika. Sababu hiyo imeelezwa vizuri na daktari mmoja wa Marekani aliyeitumikia elimu hii kwa zaidi ya nusu karne, Dk. Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, California.

Kazi ya insulini mwilini

Wali, mkate, muhogo, ndizi na mandazi vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Kongosho hutoa homoni inayoitwa insulini, na insulini ndiyo inayopita kwenye misuli na mafuta ya mwili ikibisha hodi ili glukosi ipokewe. Pia huliamuru ini lipunguze kutengeneza sukari yake.

Sasa chukulia kuwa hodi inapigwa lakini wenyeji wanasikia kwa shida. Mgeni atabisha kwa nguvu zaidi. Ndivyo inavyofanya kongosho: mwili unapokuwa mgumu kuitikia insulini, kongosho huongeza insulini ili kazi ifanyike. Hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini. Kwa miaka mingi mtu anaweza kuishi hivyo na kipimo cha sukari kikatoka sawa, kwa sababu kongosho bado inamudu. Siku kongosho inapochoka, sukari hupanda, na hapo ndipo tunaposema "ameanza kisukari". Kumbe yalianza zamani.

Alivyolifikia jambo hili

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kwa muda mrefu wengi waliamini kuwa kila mwenye kisukari amekosa insulini. Mwaka 1936 daktari wa London, Harold Himsworth, alionyesha kuwa wagonjwa hawa ni makundi mawili: wapo ambao insulini huwafaa upesi, na wapo ambao miili yao huikaidi. Watu wengi hawakumjali. Ilipofika mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walikwishapata njia ya kupima insulini ndani ya damu. Wakakuta kuwa watu wazima wengi wenye kisukari wanayo insulini, na wengine wanayo nyingi.

Reaven, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953, alilishika suali hilo. Ikiwa insulini ipo, kwa nini sukari haishuki? Mwaka 1970 yeye na wenzake walieleza njia ya kuupima ukaidi wenyewe. Waliizuia kongosho kwa dawa ili isitoe insulini yake, kisha wakamtia mtu kwenye mshipa insulini na glukosi kwa kiwango kisichobadilika, wakasubiri mpaka sukari ya damu itulie. Kwa kuwa watu wote walifikishwa kwenye kiwango cha insulini kinacholingana, tofauti ya sukari iliyobaki ilikuwa ni tofauti ya miili yao kuiitikia. Ambaye sukari yake ilibaki juu, mwili wake ndio mkaidi.

Kilichowashangaza ni kuwa ukaidi huo haukuwa wa wenye kisukari peke yao. Karibu robo ya watu wasio wanene, ambao sukari yao ni ya kawaida kabisa, walikuwa na ukinzani unaokaribiana na wa wagonjwa wa kisukari.

Hotuba ya mwaka 1988

Mwaka 1988 Chama cha Kisukari cha Marekani kilimpa Reaven heshima ya kutoa hotuba yake kuu ya mwaka, ile inayoitwa kwa jina la Banting, mmoja wa waliogundua insulini. Humo alikusanya mambo ambayo madaktari walikuwa wakiyatibu mbali mbali: ukinzani wa insulini, insulini nyingi katika damu, sukari inayoanza kuyumba, mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi kuwa juu, lehemu nzuri kuwa chini, na presha kupanda. Akasema mambo haya huandamana, na mzizi unaoyaunganisha ni ukinzani wa insulini. Wenye mkusanyiko huu wamo katika hatari ya kisukari na pia ya maradhi ya moyo. Aliuita "Sindromu X", na baadaye ukaenea kwa jina la sindromu ya kimetaboliki.

Katika orodha yake Reaven hakuuweka unene. Si kwamba aliona unene hauna madhara, kwani alijua kuwa uzito uliozidi huongeza ukinzani. Hoja yake ilikuwa kwamba wapo wanene ambao insulini yao inafanya kazi vizuri, na wapo wembamba ambao haifanyi kazi. Alikadiria kuwa tofauti baina ya watu katika jambo hili hutokana na uzito kwa kiasi cha robo, na robo nyingine hutokana na mwili kuzoea au kutozoea harakati. Nusu iliyobaki huenda ikawa ni ya nasaba, yaani mtu amezaliwa nayo.

Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 208 waliokuwa wazima na wasio wanene. Waliwapima ukinzani, na baada ya wastani wa miaka 6 wakawarudia. Katika theluthi ambayo insulini ilifanya kazi vizuri kabisa, hakupatikana hata mmoja aliyepata presha, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani au kisukari. Katika theluthi yenye ukinzani mkubwa, karibu mtu mmoja katika kila watatu alikwishapata mojawapo. Kundi lilikuwa dogo, lakini wote walianza wakiwa wazima, na hakuna mnene kati yao.

Basi jibu la suali letu ni hili: wembamba si kinga kamili, na unene si ushahidi wa dhambi. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, aliyewahi kupata sukari wakati wa uja uzito, au mwenye presha, na apime hata kama nguo zake hazijambana. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikatoka hivyo, huyo ana kisukari. Ikiwa baina ya 6.1 na 6.9, kisukari bado hakijaingia, lakini mlango uko wazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa huzibwaje?

Ukinzani wa insulini hupungua. Misuli inayofanya kazi huipokea glukosi kwa wepesi zaidi, ndiyo maana kutembea kwa miguu kuna faida hata kabla uzito haujashuka. Kwa aliyezidi uzito, kupungua kidogo tu kuna athari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, walipungukiwa na hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin walipungukiwa kwa asilimia 31.

Kuhusu chakula, Reaven alionya kuwa mwenye ukinzani wa insulini hafaidiki kwa kuondoa mafuta na kujaza wanga mahali pake, kwa sababu kila wanga unavyozidi ndivyo kongosho inavyolazimika kutoa insulini zaidi, na trigliseridi hupanda. Sahani ya wali iliyojaa, pembeni mkate, na juu yake sharubati, yote ni wanga juu ya wanga. Punguza wali, ongeza samaki, kunde na mboga, na kiu ikate kwa maji. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na At-Tirmidhi, kuwa ikiwa mtu hana budi kujaza tumbo, basi aligawe theluthi kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi. Tukiyashika hayo wakati wa futari tu, tungekuwa tumefanya jambo kubwa.

Masuali ya kisharia yanayoulizwa sana

*Je, kutumia dawa kunapingana na kumtegemea Allah?* Hapana. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu, na akafahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia tiba. Kutawakali ni moyo kumtegemea Allah huku viungo vikishika sababu. Anayeacha dawa zake akisema ametawakali ameiacha sababu, na huenda akaidhulumu nafsi aliyopewa kama amana.

*Je, inafaa kuchukua elimu hii kwa asiyekuwa Muislamu?* Katika safari ya Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) waliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Wanavyuoni wametoa hapo dalili ya kufaa kumtegemea mjuzi mwaminifu katika fani yake.

*Je, insulini inatokana na nguruwe?* Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 iliidhinishwa Marekani insulini ya kibinadamu inayotengenezwa kwa kutumia bakteria, na leo sehemu kubwa mno ya insulini inayotumika duniani hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Mwenye wasiwasi na amuulize mfamasia, lakini asiache sindano zake kwa uvumi.

*Je, sindano ya insulini au kutoboa kidole kupima sukari kunafunguza?* Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za tiba za chini ya ngozi, za misuli au za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe, na kuwa kutoa damu kwa ajili ya kipimo hakufunguzi. Kwa hiyo mgonjwa apime sukari mchana wa Ramadhani bila ya hofu. Ikiwa chini ya 3.9, au ikapanda zaidi ya 16.6, afungue wakati huo huo, hata kama adhana ya Magharibi imekaribia.

*Je, mwenye kisukari afunge?* Wagonjwa hawalingani. Uchunguzi wa nchi 13 uliofanywa mwaka 2001 uliona kuwa katika Ramadhani, kushuka sana kwa sukari kuliongezeka zaidi ya mara 7 kwa wenye kisukari cha aina ya pili, na karibu mara 5 kwa wa aina ya kwanza. Anayetumia vidonge visivyoshusha sukari kwa nguvu, na hali yake imetulia, mara nyingi anaweza kufunga baada ya daktari kumpangia upya saa za dawa. Ama ambaye sukari yake ilishuka vibaya katika miezi mitatu iliyopita, mwenye aina ya kwanza isiyodhibitiwa, mja mzito anayetumia insulini, au anayesafishwa damu kwa mashine ya figo, hao wamo hatarini. Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa kula katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185. Mwenye kutarajiwa kupona atalipa siku hizo, na asiyetarajiwa kuweza tena atalisha maskini kwa kila siku. Kukubali ruhusa ya Mola ni ibada, na jamaa wasimtazame mgonjwa kana kwamba imani yake imepungua. Mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani mpelekeni kwa daktari, kisha mrejee kwa shekhe wenu mkiwa na kauli ya daktari mkononi.

Hitimisho

Dk. Reaven alifariki mwezi wa Februari 2018 akiwa na umri wa miaka 89. Kutokana na kazi yake tunajua kuwa maradhi haya hutangulia muda mrefu kabla ya kuonekana, na hayachagui kwa kuangalia kiwiliwili. Basi mwacheni mgonjwa apumzike na lawama. Badala ya kumuuliza alikula nini, muulizeni kama dawa zake zipo na mtembee naye jioni. Nanyi mlio wazima, ndugu zake na watoto wake, nendeni mkapime, kwani damu ni moja.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuihifadhi amana ya miili yetu. Amin.

Wallahu a'lam.