Misafara ya Kilwa na Ziwa Nyasa: Kwa Nini Mzigo Ulibebwa na Mtu?

Wanafunzi wengi wamesoma habari za Njia ya Hariri iliyounganisha China na nchi za Bahari ya Kati, na habari za njia za chumvi na dhahabu zilizokata jangwa la Sahara. Katika safari hizo ngamia ndiye aliyebeba shehena. Pwani yetu ya kusini nayo ilikuwa na njia zake za kale. Mojawapo ilianzia Kilwa Kivinje, ikaelekea kusini-magharibi hadi nchi ya Wayao na ukingo wa Ziwa Nyasa. Lindi na Mikindani zilikuwa na njia zao zilizoelekea huko huko. Katika njia hizi zote mzigo ulibebwa na mtu. Kwa nini?

Njia yenyewe

Wayao walikuwa wafanyabiashara mashuhuri wa njia hii. Walileta pwani pembe za ndovu, majembe ya chuma na tumbaku, wakarudi na nguo, shanga na chumvi. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa nchi kavu kutoka Tete, kando ya mto Zambezi, hadi Kilwa kwa muda wa siku 53. Safari yake yatuonyesha kwamba tayari palikuwa na mapito na vijiji vya kumpokea mgeni. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alifanya makao yake Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, na majahazi yakawa yanavusha bidhaa. Leo atakayeifuata njia hiyo kutoka pwani hadi Nkhotakota kwa kupitia nchi ya Wayao atakanyaga ardhi ya Tanzania, Msumbiji na Malawi.

Mdudu aliyezuia wanyama

Sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya pwani na ziwa ni misitu ya miombo, nayo ni makazi ya mbung'o. Mdudu huyu hufyonza damu, na anapouma huweza kuambukiza vimelea viitwavyo tripanosoma. Wanyama wa porini, kama nyati na pofu, huishi na vimelea hivyo bila kudhurika sana. Wanyama wa kufugwa hupatwa na ugonjwa wa nagana, hukonda na kufa. Uhusiano huo ulithibitishwa na David Bruce huko Zululand katika miaka ya 1890.

Miaka 30 hivi kabla yake, David Livingstone alifanya jaribio katika pwani hii. Mwezi Machi 1866 alishuka karibu na Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, baghala na punda, akitaka kujua kama watastahimili mbung'o. Wengi wao walikufa njiani. Hata hivyo jaribio lile halikutoa jibu la hakika, kwa sababu baadhi ya wasaidizi wake waliwapiga na kuwabebesha wanyama hao kupita kiasi. Ikiwa mambo mawili yanatenda kazi kwa pamoja, hatuwezi kujua lipi lililoua. Hili ni somo zuri kwa kila mwanafunzi wa sayansi.

Hesabu ya chakula

Mpagazi alibeba kiasi cha frasila 2, yaani karibu kilo 32. Tukadirie kwamba njia yenye kupindapinda ilikuwa na urefu wa kilomita 700, na kwamba msafara ulikwenda kilomita 20 kwa siku. Safari ingechukua siku 35. Kama mtu alikula kilo moja ya nafaka kwa siku, angehitaji kilo 35, yaani zaidi ya mzigo wake wote! Kwa hiyo msafara haukuweza kujibebea chakula. Ulitegemea mavuno ya wanavijiji, ukawalipa kwa nguo na shanga. Bila mkulima, pembe isingefika pwani.

Je, mbung'o ndiye aliyeleta utumwa?

Yafaa tujihadhari hapa. Mbung'o anaeleza kwa nini watu walibeba mizigo; haelezi kwa nini watu waliuzwa. Mbung'o walikuwako pia katika njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Huko wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira.

Kilichobadilisha njia ya Kilwa ni mahitaji ya mashamba. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalidai watu wengi zaidi. Kwa makadirio ya Rigby, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Unguja tangu 1858 hadi 1861, watumwa wapatao 19,000 kutoka nchi za Nyasa walipita katika forodha ya Unguja kwa mwaka mmoja. Mateka wengine walibebeshwa pembe, kisha wakauzwa pamoja nazo. Mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa.

Mazingira huwawekea binadamu mipaka, lakini ndani ya mipaka hiyo binadamu huchagua. Anayewaongoza wageni Kilwa leo asiishie kwenye magofu ya Kisiwani. Awafikishe na Kivinje, awaeleze yote mawili.

Zoezi kwa wanafunzi

Rudieni hesabu ya chakula mkichukua kilomita 15 kwa siku, kisha kilomita 25. Halafu jadilini: msafara ungefaa kuondoka mwezi gani, na kwa nini?