Nsekela: Alihama, akarudi nahodha

NALIENDELE, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndiko kilipo kituo cha utafiti wa korosho. Pesa ya zao hilo hupitia benki, hivyo bosi wa benki si mtu wa mbali sana huku. Kwenye soka ndo kabisa, maana kombe linalompa bingwa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika sasa linaitwa CRDB Bank Federation Cup.

Anayeiongoza CRDB ni Abdulmajid Nsekela, na safari yake ni ya mchezaji aliyevuka kwa watani kisha akarudi. Alikuwa CRDB, akahamia NMB, wapinzani wakubwa sokoni, akapanda hadi kusimamia huduma za wateja binafsi na wadogo. Mwaka 2018 akarejea kama mkurugenzi mtendaji, kumrithi Dk. Charles Kimei aliyekalia kiti miaka 20. Haikuwa kazi ya kitoto.

Mwaka huo faida baada ya kodi ilikuwa Sh64 bilioni. Mwaka 2024 ikafika Sh551 bilioni. Hapo hata shabiki wa timu pinzani anapiga makofi.

Ila Mtwara ina hesabu zake. Ndanda FC ilishuka Ligi Kuu mwaka 2020. Kwa timu ndogo za mkoa, kombe hilo ndiyo njia ya mkato ya kuwavuta Simba au Yanga hadi Nangwanda Sijaona, droo ikikubali. Vigogo wanawaza fainali. Timu za huku zinawaza kwanza nauli ya mechi inayofuata.