Bambo la seli: kwa nini malaria humlemea mtoto huyu ikampitia mbali yule

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mpakani na Rwanda, zimeingia kwenye ramani ya sayansi ya malaria kwa habari isiyopendeza. Katika sampuli zilizokusanywa mwaka 2021, asilimia 22.8 ya vimelea vilivyopimwa Karagwe na 14.4 vya Kyerwa vilikuwa na badiliko la kijenetiki liitwalo R561H. Badiliko hilo huvifanya vichelewe kufa vinapokutana na artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Mwaka 2022, timu ya Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilifuatilia watoto waliotibiwa Karagwe na kuthibitisha kwamba ucheleweshaji huo upo kweli, ingawa dawa iliendelea kuponya.

Jeni za kimelea zimezungumzwa sana. Za mtoto je? Wazazi wana swali lao la siku nyingi: watoto wawili wa tumbo moja wanalala chini ya chandarua kimoja, mmoja hatoki zahanati, mwenzake anapata homa siku mbili na kurudi uwanjani. Habari za mbu tuziruke. Hata selimundu, ambayo jeni yake ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu humkinga mtoto na malaria kali, imeshaandikwa mno. Mimi nataka kukaa na jeni za HLA.

Vitabu huziita molekuli zake "wawasilishaji wa antijeni", jina la kujaza mdomo bila kuonyesha kitu. Napendekeza tuseme bambo la seli. Mnunuzi wa kahawa hafungui gunia zima. Hudunga bambo, huchota punje chache, huzimwaga kiganjani na kuamua. Kila seli yenye kiini hujifanyia ukaguzi huohuo. Protini zilizomo ndani hukatwakatwa, kisha HLA hubeba kipande kimoja, chenye amino asidi kama tisa hivi, na kukishikilia juu ya ngozi ya seli. Seli T za kinga hupita zikikagua. Kipande cha nyumbani huachwa, kipande cha mgeni huhukumu gunia zima: seli huuawa pamoja na kilichojificha ndani.

Utamu upo kwenye mfereji wa bambo. Umbo lake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na aina zinazojulikana ni maelfu. Bambo moja huchota vizuri kipande fulani cha kimelea, jingine halikishiki kabisa, hivyo seli T hupita na kuona gunia safi. Kwa HLA za daraja la kwanza, yaani hizi za kila seli yenye kiini, mtoto hupata tatu kwa baba na tatu kwa mama, kila tatu zikija kama fungu moja. Ndiyo maana ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kurithi seti ileile.

Kimelea cha malaria kinaujua mchezo huu. Chembe nyekundu ya damu haina kiini, na karibu haina bambo la kuchungulia ndani. Humo kimelea hula kwa raha. Lakini kabla ya kufika huko hukaa kwenye ini takriban wiki moja, na seli za ini zina bambo. Dirisha ni hilo tu.

Mwaka 1991, mtafiti Adrian Hill na wenzake walitangaza kwamba watoto wa Gambia wenye aina ya HLA-B53 walipungukiwa na hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Mwaka uliofuata walionyesha sababu: B53 hushika kipande cha protini ambayo kimelea huitengeneza kikiwa kwenye ini. Aina hiyo ni ya kawaida Afrika Magharibi na nadra Ulaya, kama ambavyo ungetegemea mahali malaria imechuja vizazi vya watoto.

Hata hivyo, tafiti kubwa za baadaye, Tanzania ikiwemo, ziliona ishara za selimundu na kundi la damu O kwa uwazi kuliko za B53. Na lishe, umri na idadi ya mbu vina uzito wao.

Bado jibu kwa mzazi ni hili: hao ndugu wawili hawana kinga moja. Na kwa kuwa hakuna anayejua bambo la mwanawe limechongwaje, wa kuugua kila mara na yule asiyeugua wanahitaji ulinzi uleule. Wote walale ndani ya chandarua. Homa ikianza wapimwe, dozi ya mseto imalizwe hata mtoto akichangamka siku ya pili. Homa ikiendelea baada ya siku tatu, mrudishe kituoni. Usimwongezee vidonge nyumbani. Kwa Karagwe na Kyerwa ya leo, siku ya tatu si ya kupuuzwa.