Fahamu: Hali Fiche na Viendelezi vya Kivinjari

Mtu afunguapo dirisha la hali fiche katika Chrome, hudhani kwamba siri zake zimesitirika kama waraka uliotiwa lakiri, ilhali ahadi kuu ya kivinjari ni kutohifadhi kumbukumbu za ziara zake katika kifaa chake mwenyewe. Viendelezi, yaani zile programu ndogo tunazozipachika ili kuzuia matangazo au kutafsiri kurasa, huzimwa humo hadi mtumiaji atoe idhini. Na Firefox nayo, tangu toleo la 67 la Mei 2019, haivifungulii mlango vile vipya pasipo ruhusa. Lakini idhini ikishatolewa, kiendelezi chenye mamlaka ya kusoma kila tovuti huweza kusoma hata neno la siri uliandikalo, na hapo faragha, wallahi, hubaki jina tu. Fungua leo orodha ya viendelezi vyako, uvitazame vile ulivyoviidhinisha.