Je, Wajua? Jinsi Mila za Kiyahudi Zinavyomsitiri Asiye Nacho

Mar Ukva alikuwa mwanazuoni na mtu mkubwa miongoni mwa Wayahudi wa Babeli, katika karne ya 3. Jirani yake alikuwa maskini, na kila siku Mar Ukva alimwekea sarafu nne kwenye kitundu cha bawaba ya mlango, kisha akajiendea zake. Siku moja yule maskini akaamua kuvizia amjue mfadhili wake ni nani. Siku hiyo Mar Ukva alikuwa amechelewa chuoni, akawa anarudi pamoja na mkewe. Walipoinamia mlango tu, mwenyewe akatoka. Wakatimua mbio, naye akawafuata, hata wakajitosa ndani ya tanuri lililokuwa limetoka kuondolewa makaa. Nyayo za Mar Ukva zikaanza kuungua. Za mkewe, wapi! Mke akamwambia mumewe aweke miguu juu ya ile ya mkewe. Mume akaingiwa na simanzi kwa kuona mwenzake ana fadhila kumshinda, mke akamfariji kwa kumweleza kwamba yeye hushinda nyumbani, mwenye njaa akija humkuta, na anachompa huliwa papo hapo.

Kisa hiki kimo katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, na Talmudi yenyewe inauliza: mbio zote hizo za nini? Jibu lake ni kwamba ni heri mtu ajitupe motoni kuliko kumwaibisha mwenzake mbele za watu. Mahali pengine wanazuoni hao hao wanafananisha kumfedhehesha mtu hadharani na kumwaga damu, maana, kama mmoja wao alivyoona kwa macho, wekundu huhama usoni na weupe ukaja mahali pake.

Naamini anayetaka kuzielewa mila za Kiyahudi aanzie hapa. Wengi wetu tunajua habari za Sabato, mikate isiyotiwa chachu na taa za Hanuka. Kinachojulikana kwa uchache ni namna watu hawa walivyokaa karne baada ya karne wakiulizana swali moja la nyumbani kabisa: tutamsaidiaje mtu bila kumvunjia heshima?

Tuchukue shamba. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinamwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, wala asiokote masazo. Ndiyo sheria iliyompa Ruthu nafasi ya kuokota masuke katika shamba la Boazi. Lakini pembe ni kiasi gani? Mishna, mkusanyo wa sheria ulioandikwa mnamo mwaka 200, inasema isipungue sehemu moja ya 60 ya shamba. Masuke mawili yakianguka pamoja wakati wa kuvuna ni ya maskini, matatu ni ya mwenye shamba. Maskini wanaoingia kuvuna pembe yao hawaruhusiwi kushika mundu, wasije wakajeruhiana katika kugombea. Mwenye shamba naye ana nyakati tatu za kuonekana kwa ajili yao: asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Na kwa nini pembe iachwe mwishoni mwa shamba, wala si popote mkulima apendapo? Rabi Simeoni alitoa sababu, na mbili kati ya hizo zimenikaa moyoni. Ya kwanza, asije mwenye shamba akangoja saa ambayo hakuna mtu, akamwita jamaa yake aliye maskini na kumwambia achukue yeye. Ya pili, maskini wasipoteze siku nzima wakikaa kungoja mkulima ataacha upande gani. Aliyeyafikiria haya aliuona muda wa maskini kuwa una thamani. Foleni nyingi za misaada hadi leo hazijafika hapo.

Sheria hizi za Torati zina wasomaji wake hata Afrika Mashariki. Abayudaya wanaoishi karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi wao ni wakulima, na ingawa utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini yao, wako mpaka leo.

Je, wajua kwamba Torati inamkataza anayekudai kuingia nyumbani kwako? Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mkopeshaji anayetaka rehani asimame nje, mwenye nyumba ndiye amtolee kwa mkono wake. Mdaiwa akiwa maskini na rehani yenyewe ni nguo anayojifunika, irudishwe kabla jua halijazama ili apate cha kulalia. Aliyewahi kuona wakopeshaji wa kausha damu wakitoa godoro na televisheni ya mtu nje huku majirani wakitazama ataelewa mara moja sheria hii ilikusudia kuzuia nini.

Lakini mahali ambapo mila hizi zimenigusa kuliko pote ni msibani. Talmudi inasimulia kwamba zamani matajiri walipopeleka chakula nyumba ya matanga walikitia katika vikapu vya fedha na dhahabu, maskini katika vikapu vya vijiti vya mti, na maskini wakaona haya. Ikaamuliwa kila mtu, tajiri kwa maskini, abebe kikapu cha vijiti. Ikawa hivyo hivyo kwa vinywaji: bilauri nyeupe za matajiri zikaachwa, wote wakatumia zile za rangi. Jeneza la fahari likaachwa, wote wakabebwa kwa machela ya kawaida. Sanda ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa zaidi. Gharama za mazishi ziliwaelemea ndugu kuliko kifo chenyewe, hata wengine walimwacha maiti wao wakakimbia. Ndipo Rabani Gamalieli, kiongozi mkuu na mtu wa jamaa kubwa, akaagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani ya kawaida. Baada yake watu wote wakamfuata, na hadi leo Myahudi anayeshika mila huzikwa kwa sanda nyeupe isiyo na pambo, awe milionea au mchuuzi. Nani kati yetu hajachangia mazishi ambayo deni lake lilibaki nyumbani hata baada ya arobaini? Kilichoivunja desturi ile ya mazishi ya gharama ni mkubwa mmoja kukubali kuonekana mdogo siku ya kuzikwa kwake.

Huko huko msibani, wanaokuja kuhani, wakiisha kuketi, hawaanzi kusema mpaka mfiwa aseme kwanza.

Katika suala la kutoa, yuko pia mwanazuoni Musa bin Maimun, maarufu kama Maimonides, aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204. Kwa miaka mingi alijitolea kwa elimu huku mdogo wake, Daudi, akiwatafutia riziki kwa biashara ya vito. Daudi alisafiri kuelekea India, akazama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali ya nduguye na ya watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliandika baadaye kwamba alilala kitandani mgonjwa karibu mwaka mzima. Barua ambayo Daudi alimwandikia akiwa bandari ya Aydhab, kabla ya kuvuka, ilikutwa katika ghala la maandishi makuukuu la sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo. Baada ya msiba huo Musa alitegemea udaktari, akafika hadi baraza la Sultani Salahuddin.

Mtu huyu aliyewahi kuishi kwa jasho la mwenzake ndiye aliyepanga utoaji katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni kutoa kwa uso wa kununa. Katikati wamo wanazuoni wa kale waliofunga fedha katika ncha ya shuka na kuitupa nyuma ya mgongo, maskini wakaja kuchukua bila kutazamwa usoni. Juu kabisa ni kumpa mtu kazi, ubia au mkopo, ili asihitaji tena kuomba. Mwaka 1892 wahamiaji wa Kiyahudi huko New York walianzisha chama cha mikopo isiyo na riba kwa mtaji wa dola 95, na chama hicho kingali kinakopesha.

Shuleni nako yatima walikumbukwa. Zamani baba ndiye aliyemfundisha mwanawe, asiye na baba akakosa. Kuhani mkuu Yoshua bin Gamla, katika karne ya 1, akaagiza walimu wawekwe kila mji na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Talmudi ikaongeza hesabu: wanafunzi 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, wakiwa 50 waajiriwe walimu wawili.

Hata kwenye mavazi maskini alisitiriwa. Zamani, siku ya 15 ya Av, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, wasichana wa Yerusalemu walitoka kucheza katika mashamba ya mizabibu wakiwa wamevaa nguo nyeupe za kuazima. Binti mfalme aliazima kwa binti wa kuhani mkuu, huyu naye kwa binti wa msaidizi wa kuhani, na kuendelea hivyo. Kila mmoja alivaa ya mwenzake, asiye na nguo asijulikane.

Usiku wa Pasaka hata maskini wa mwisho hupaswa kuwa na vikombe vinne vya divai, na mfuko wa jamii humchangia akipungukiwa. Kwenye Purimu, sikukuu ya Esta, kuna wajibu wa kuwapa zawadi maskini wasiopungua wawili, na anayenyoosha mkono siku hiyo hupewa bila kuhojiwa. Kuna wajibu mwingine pia, wa kumpelekea rafiki vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa, na maskini naye hakuachwa nje ya furaha ya kutoa. Maimonides aliandika kwamba wawili wasio na kitu zaidi ya mlo wao wa siku hiyo wabadilishane: huyu ampelekee yule chakula chake, na yule ampelekee huyu chake, na wote wawili watakuwa wametoa.