Kifo cha Ghafla Zizini: Wakurya wa Itiryo na Wanyama Wao

Itiryo ni kata ya Wilaya ya Tarime iliyo jirani na mpaka wa Kenya, katika nchi ya Wakurya ambako watu hulima mahindi, muhogo na ndizi. Hata hivyo, mali ya Mkurya haihesabiwi shambani, huhesabiwa zizini. Ng'ombe ndiye anayeoa, na ndiye anayempa mzee uzito wa kusikilizwa mbele ya wenzake. Katika mji wa wake wengi kila nyumba ina ng'ombe wake, na wale wanaoingia kwa mahari ya binti ndio watakaomwolea kaka yake wa tumbo moja. Mtamba akianguka ghafla, ameanguka na ndoa ya mtu.

Na huanguka kweli. Adui wa siku zote ni ndigana kali, inayoletwa na kupe. Jioni ng'ombe anarudi malishoni akiburuta miguu nyuma ya wenzake. Kesho yake mitoki imevimba chini ya masikio, mwili unachemka, majani hayataki. Baadaye anapumua kwa taabu na povu linamtoka puani. Ndama wanaweza kumalizika hivyo ndani ya wiki mbili au tatu. Wazee wana kumbukumbu kubwa zaidi ya hiyo waliyorithishwa, ya sotoka, iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Kwa msiba wa namna hii mila ilijiandaa mapema. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizini kwake. Wengine huwawekesha kwa rafiki au shemeji wa kijiji cha mbali. Anayewatunza anakunywa maziwa, na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Maradhi yakiingia mji mmoja, mbegu inabaki kwingine. Kwa kuwa mifugo imegawanywa, hasara nayo imegawanywa, na watu wa miji miwili wana sababu ya kutembeleana na kupeana pole. Mimi naiona desturi hii kuwa miongoni mwa hekima kubwa za wafugaji, na inanisikitisha kuona wizi wa mifugo ulivyoidhoofisha, maana kuwekesha kunataka uaminifu.

Lakini pole hiyo anapewa mwenye zizi. Mchungaji haipati. Huyu mara nyingi ni kijana mdogo, aliyemjua ng'ombe yule kwa rangi, kwa pembe, kwa sauti na kwa tabia yake ya kupenda kutangulia mtoni. Ndiye aliyeona kwanza kwamba leo hali. Ng'ombe akifa, wakubwa wanaanza kuhesabu, na yeye anaulizwa alimchungia wapi. Machozi yake hayana nafasi katika mazungumzo hayo, hasa akiwa mvulana anayekaribia jando na anayetazamiwa kuonyesha ukakamavu.

Hali ni ngumu zaidi kwa mbwa. Mbwa wa Mkurya analinda zizi usiku dhidi ya fisi na wezi, na mchana anafuatana na watoto malishoni. Hakuna mahari yanayolipwa kwa mbwa, kwa hiyo akiugua hakuna anayeitwa, na akifa jambo linaishia kichakani. Nasema bila kusita kwamba hapa tunakosea, hata kwa hesabu ya faida. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya simba wote wa mbuga, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Kichaa cha mbwa nacho bado kinaua watu, ingawa kuchanja mbwa 7 katika kila 10 kunatosha kuukata mnyororo wake. Mbwa anayebadilika ghafla, anayetokwa udenda na kung'ata ovyo, si wa kuguswa. Anastahili kutazamwa mapema na mtu anayemjua.

Tanzania ina mnyama mmoja ambaye kifo chake kilitangazwa duniani kote, na alikuwa panya. Magawa, panya buku, alizaliwa Novemba 2013 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako shirika la APOPO hufundisha panya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia. Huko alinusa mabomu 71 na vilipuzi vingine 38, na Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu. Alistaafu mwaka 2021. Januari 2022, akiwa na umri wa miaka minane, alicheza kwa furaha yake ya kawaida karibu wiki nzima. Wiki ilipokaribia kwisha akaanza kuchoka, kulala kupita kawaida na kutojali chakula, kisha akafa. Waliomtunza walimlilia waziwazi.

Kwa Itiryo, panya ni mwizi wa ghala, na kumlilia ni jambo geni. Ila mchungaji yeyote atazitambua dalili zile: kuchoka, kulala, kukataa chakula. Ndizo anazozisoma yeye kila jioni. Mtunza panya wa Kambodia na mtoto anayechunga Tarime wana ujuzi wa aina moja, wa kukaa na mnyama hadi mabadiliko madogo yakaonekana, na uchungu wao unatoka humohumo.

Ujuzi huo ndio unaookoa watu. Ng'ombe akifa ghafla bila kuugua, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, huenda ni kimeta. Desturi ya kutotupa nyama ina mizizi katika njaa, lakini kibudu cha kimeta kinaua mlaji na mchunaji, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Kisichunwe, kisipasuliwe. Aitwe afisa mifugo, kifukiwe kwa kina au kichomwe.

Wazazi wa Itiryo, mtoto akija mbio kusema mnyama wake hali, msikilizeni siku hiyohiyo. Mnyama huyo akifa, mpeni mtoto pole kama mnavyompa mwenye zizi.